Nyeri: Makaburi ya mateka wa Kiitaliano na kambi zilizoyazunguka

MJI wa Nyeri hutembelewa na wageni kwa sababu nyingi. Wapo wanaofika kutazama kaburi la Lord Baden-Powell, mwasisi wa chama cha Skauti, aliyefariki huko Januari 8, 1941. Wapo pia wanaopita tu wakielekea mbuga ya Aberdare au Mlima Kenya. Ni wachache wanaokata kona kuelekea Mathari, nje kidogo ya mji, lilipo kanisa ambalo ndani yake yamehifadhiwa mabaki ya wanajeshi 676 wa Italia waliofariki humu nchini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia.

Kanisa hilo halikujengwa kwa ajili ya waumini wa mtaa. Ni jumba la ukumbusho la serikali ya Italia, lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 ili kuwakusanya pamoja wafu waliokuwa wamezikwa sehemu mbalimbali za nchi. Baadhi yao waliuawa katika mapigano ya kaskazini. Wengine walifia kifungoni, katika kambi za mateka zilizotapakaa kuanzia Nairobi hadi Eldoret, kwa maradhi na kwa ajali za kazini.

Anayetaka kuielewa Mathari hana budi kuitazama pamoja na mahali pengine. Kwanza ni Nanyuki, mwendo wa kilomita 60 hivi kuelekea kaskazini, ilikokuwa kambi ya mateka nambari 354. Pili ni makaburi ya wanajeshi wa Jumuiya ya Madola, yaliyoko Nyeri na Nanyuki pia. Tatu ni shule mbili za upili katika kaunti hiyo hiyo ya Nyeri, ambazo hazitajwi katika vitabu vingi vya watalii na ambazo tutazifikia baadaye.

Italia iliingia vitani Juni 10, 1940, upande wa Ujerumani. Wakati huo ilikuwa ikizitawala Ethiopia, Eritrea na sehemu kubwa ya Somalia, hivyo mpaka mzima wa kaskazini mwa Kenya ukawa mstari wa vita kwa siku moja. Mnamo Julai mwaka huo, Waitaliano waliteka Moyale na kusonga mbele hadi Buna. Mnamo Oktoba, ndege zao ziliangusha mabomu Malindi, mji ambao miongo kadhaa baadaye ungejaa mahoteli na nyumba za Waitaliano hao hao.

Mapema mwaka wa 1941, jeshi lililokuwa chini ya Jenerali Alan Cunningham lilivuka mpaka kutoka Kenya. Lilikuwa na Wazungu wa Afrika Kusini, vikosi kutoka Nigeria na Gold Coast (Ghana ya leo), pamoja na askari wa King's African Rifles, ambao wazee wetu waliwaita Keya. Mogadishu ilitekwa Februari 25, na Addis Ababa Aprili 6. Ni jeshi lililokwenda mbio kiasi kwamba mateka walikuwa wengi kuliko mahali pa kuwaweka.

Hapa yafaa msomaji akumbuke jambo moja linalosahaulika kwa urahisi. Sehemu kubwa ya jeshi la Italia katika Afrika Mashariki haikuwa ya Waitaliano. Askari walioajiriwa Eritrea, Somalia na Ethiopia yenyewe ndio waliokuwa wengi, na ndio waliobeba uzito wa mapigano mengi. Kwa hivyo katika vita vile, pande zote mbili, Mwafrika alipigana na Mwafrika kwa amri ya Mzungu.

Aliyeliongoza jeshi hilo la Italia alikuwa Amedeo, Duke wa Aosta, wa ukoo wa kifalme wa Savoy, aliyeteuliwa kuwa Naibu wa Mfalme huko Ethiopia mwishoni mwa mwaka wa 1937 kuchukua nafasi ya Rodolfo Graziani, ambaye ukatili wake ulikuwa umewachosha hata baadhi ya wakubwa wake. Amedeo alikuwa mtu wa aina nyingine. Alikuwa mrefu kupita kiasi, rubani wa ndege, na katika ujana wake aliwahi kuuficha ukoo wake na kufanya kazi kama kibarua katika kiwanda cha sabuni huko Congo ya Wabelgiji. Sifa hizo humfanya apendwe na waandishi, nao wakati mwingine husahau kwamba utawala aliouongoza ulikuwa wa kigeni na wa mabavu, hata kama yeye mwenyewe alikuwa mpole.

Baada ya Addis Ababa kuanguka, Duke alirudi nyuma hadi mlima wa Amba Alagi, kaskazini mwa Ethiopia, akazingirwa huko na kusalimu amri mwezi wa Mei 1941. Waingereza waliwaruhusu wanajeshi wake kushuka mlimani wakipiga gwaride kwa heshima zote za kijeshi kabla ya kuweka silaha chini. Kisha akaletwa Kenya, akafungwa katika nyumba karibu na mlima wa Donyo Sabuk, akiangaliwa vyema kama ilivyomstahili mfungwa wa cheo chake. Malaria na kifua kikuu havikujali cheo. Alifariki Nairobi Machi 3, 1942, akiwa na umri wa miaka 43.

Alikuwa ameacha wasia kwamba azikwe pamoja na wanajeshi wake, na wasia huo umeheshimiwa hadi leo. Ingawa familia yake ina makaburi ya fahari kule Turin, mwili wake haukurejeshwa Italia. Umelazwa ndani ya kanisa la Mathari, na kando yake kuna majina ya watu ambao, wakati wa uhai wao, wengi wao hawangeweza kuketi naye meza moja.

Mgeni anayeingia huona kwanza jinsi kanisa lilivyo tulivu na baridi. Makaburi hayako uwanjani bali yamo ukutani, kila moja likiwa limefunikwa kwa bamba lenye jina. Haihitajiki kujua Kiitaliano ili kusoma majina na tarehe. Ukizifuata tarehe hizo kwa makini, utaona kwamba vifo havikukoma mapigano yalipokoma. Mapigano ya Ethiopia yalimalizika Gondar mwezi wa Novemba 1941. Kifungo kiliendelea kwa miaka mingine mitano.

Maisha katika kambi hizo yalikuwaje? Kambi zilijengwa haraka kwa mbao na mabati, zikazungushiwa seng'enge na kulindwa usiku na mchana. Palikuwa na kambi Nanyuki, Nyeri, Naivasha, Gilgil, Londiani, Eldoret, Ndarugu na kwingineko, na kwa jumla zilipokea makumi ya maelfu ya watu. Wengine walipelekwa mbali zaidi, hususan kambi kubwa ya Zonderwater nchini Afrika Kusini.

Mkataba wa Geneva wa mwaka wa 1929 uliwalinda. Mateka wa kawaida waliweza kufanyishwa kazi kwa masharti, lakini maafisa hawakuweza kulazimishwa. Shirika la Msalaba Mwekundu liliruhusiwa kuzikagua kambi, na barua kutoka nyumbani zilifika, ijapokuwa kwa kuchelewa. Kutokana na kazi ya mateka hao, nchi hii ilipata barabara iteremkayo ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, pamoja na kanisa dogo lililo kando yake, walilolijenga mwaka wa 1942. Ni kanisa linaloingiza watu wachache tu, na madereva wengi wa malori hulipita kila siku bila kujua lilijengwa na nani.

Mnamo Septemba 1943 Italia ilisalimu amri kwa Washirika, na mwezi uliofuata ikatangaza vita dhidi ya Ujerumani. Mtu angedhani mateka wangeachiliwa. Hawakuachiliwa. Waligawanyika wao kwa wao: waliokubali kushirikiana na Waingereza walipewa kazi na uhuru kiasi wa kutembea, na waliokataa, ama kwa imani ya kifashisti ama kwa kiapo chao kwa mfalme, walibaki ndani ya seng'enge. Wengi walirejea makwao mwaka wa 1946 na 1947, na baadhi wakawakuta watoto wasiowafahamu.

Nanyuki ndiko kisa kinachofahamika zaidi kilikotokea. Felice Benuzzi alikuwa mwanasheria na mtumishi wa serikali ya kikoloni mjini Addis Ababa. Alizaliwa Vienna mwaka wa 1910, akalelewa Trieste, na tangu utotoni alipenda kupanda milima. Alipoletwa kambi nambari 354, msimu wa mvua ulikuwa umefunika kila kitu kwa mawingu. Asubuhi moja mawingu yalipasuka, na kwa mara ya kwanza akauona mlima: weusi wa miamba na weupe wa barafu, juu ya msitu, nje kidogo ya seng'enge.

Kilichowatesa mateka wengi, kwa jinsi Benuzzi alivyoeleza, hakikuwa njaa wala kipigo bali siku zisizo na kesho. Mtu hakujua kama angefungwa mwaka mmoja au kumi. Alikosa cha kutazamia na pia alikosa nafasi ya kuwa peke yake. Basi akaamua kujipatia kitu cha kutazamia. Angetoroka, aupande Mlima Kenya, kisha arudi mwenyewe kambini, kwa kuwa hakukuwa na pa kwenda. Nchi huru iliyokuwa karibu zaidi, isiyoshiriki vita, ilikuwa Msumbiji ya Wareno, mbali sana kusini.

Aliwapata wenzake wawili. Mmoja alikuwa Giovanni Balletto, daktari aliyekuwa na ujuzi wa milima. Wa pili alikuwa Vincenzo Barsotti, ambaye hakuwahi kupanda mlima wowote, ila alikuwa na moyo. Matayarisho yao yalichukua miezi. Nyundo zilizoibwa ziligeuzwa mashoka ya barafu. Vyuma vya meno vya kufunga chini ya viatu vilitengenezwa kutokana na vipande vya gari bovu. Kamba za vitanda, za mkonge, ziliunganishwa ziwe kamba za kupandia. Nguo za baridi zilishonwa kwa blanketi. Chakula kiliwekwa akiba kidogo kidogo. Ramani hawakuwa nayo. Walichokuwa nacho ni mchoro wa mlima uliokuwa kwenye lebo ya kopo la nyama.

Januari 24, 1943, walipita lango la bustani ya mboga kwa ufunguo wa bandia na kuingia gizani. Kwa siku kadhaa walifuata mto kupanda msituni, bila silaha, katika msitu wa tembo, nyati, kifaru na chui. Barsotti aliugua na kubaki kwenye kambi ya chini. Benuzzi na Balletto walijaribu kukifikia kilele cha Batian, chenye kimo cha mita 5,199, kupitia upande wa kaskazini-magharibi, lakini theluji na miamba viliwarudisha. Hata leo, upande huo hupandwa na wataalamu wenye vifaa kamili.

Februari 6 walifika kilele cha Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera ya Italia na kuacha chupa yenye majina yao. Kisha wakateremka, chakula kikiwa kimekwisha, na Februari 10 wakajiingiza tena kambini. Adhabu ya kawaida ya kutoroka ilikuwa kufungiwa peke yako siku 28. Mkuu wa kambi, Mwingereza, aliipunguza hadi siku saba kwa kuuthamini ushujaa wao wa kimichezo. Bendera ilipatikana baadaye na wapanda mlima wengine. Benuzzi aliandika kitabu juu ya safari hiyo, kilichotoka kwa Kiitaliano mwaka wa 1947 na kwa Kiingereza mwaka wa 1952. Baada ya vita aliingia katika huduma ya kibalozi ya nchi yake, akafariki mwaka wa 1988.

Kisa hiki kinapendeza, na haki yake kinastahili kupendeza. Hata hivyo, anayekwenda Nanyuki akitumai kuona kambi yenyewe atavunjika moyo. Mabanda yalibomolewa baada ya mateka kuondoka, seng'enge ikakunjwa, na mji ukakua juu ya ardhi hiyo kama miji ikuavyo. Kinachobaki kama kilivyokuwa ni mlima tu. Ni vyema kuamka mapema, kwa kuwa saa nne asubuhi haijafika mara nyingi mawingu huwa yameshaufunika, sawa na yalivyomfunikia Benuzzi.

Makaburi ya Jumuiya ya Madola ni tofauti kabisa na ukumbi wa Mathari. Haya husimamiwa na tume iliyoundwa Uingereza mwaka wa 1917, na mgeni aliyewahi kuona mojawapo, liwe la Ngong Road jijini Nairobi au la Taveta, atayatambua yote. Nyasi hukatwa fupi. Mawe yako mistari iliyonyooka, yenye umbo moja kwa jenerali na kwa kuruti. Mashujaa waliozikwa katika makaburi ya Vita vya Pili humu nchini ni pamoja na askari wa Keya, na majina yao, nambari zao na vikosi vyao vimechongwa kama vya Wazungu.

Haikuwa hivyo siku zote. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wapagazi wa jeshi la Uingereza, wale ambao jina la kikosi chao lilizaa Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, walikufa kwa wingi kwa njaa na kuhara, na hawakuwekewa mawe. Walipewa sanamu tatu za shaba katika barabara ambayo sasa ni Kenyatta Avenue, zisizo na jina la mtu hata mmoja. Mwaka wa 2021 tume hiyo ilichapisha ripoti ikikiri kwamba wafu wasiopungua 116,000 wa Vita vya Kwanza, na pengine kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi.

Kwa hiyo, jina ukutani si jambo dogo. Linahitaji mtu wa kuliandika siku ya kifo, karatasi ya kulihifadhi, na serikali iliyo tayari kulipia jiwe. Mateka wa Kiitaliano walikuwa na vyote vitatu, ijapokuwa walikuwa maadui walioshindwa. Jambo hilo huonekana wazi zaidi ukitoka Mathari na kusafiri kilomita chache tu ndani ya Nyeri.

Wakati ukumbi wa Mathari ulikuwa ungali mpya, Serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari, Oktoba 20, 1952. Kambi zikarudi, safari hii si kwa Waitaliano. Wakikuyu, Waembu na Wameru walifungwa kwa makumi ya maelfu katika mlolongo wa kambi uliotoka Manyani na Mackinnon Road hadi kambi za kazi zilizojengwa katika wilaya za nyumbani kwao. Waingereza walikataa katakata kuwaita mateka wa vita. Kwa kuwa hawakuitwa hivyo, mkataba uliomlinda Benuzzi haukutumika kwao, na Shirika la Msalaba Mwekundu halikuruhusiwa kuzizuru kambi hizo hadi mwaka wa 1957.

Mbili kati ya kambi hizo zilikuwa Aguthi na Mweru. Leo ya kwanza ni Shule ya Upili ya Wasichana ya Kangubiri, na ya pili ni Shule ya Upili ya Mweru. Baadhi ya majengo ya wakati huo yangali yamesimama, na kwa miaka mingi yametumiwa na wanafunzi. Ni ajabu iliyoje: kambi ya Waitaliano imetoweka ila makaburi yao yapo, na kambi za Mau Mau zingalipo ila makaburi ya waliofia humo hayaonekani. Hakuna kuta zenye mabamba, wala sajili ambayo mjukuu anaweza kuifungua na kuisoma.

Dedan Kimathi alikamatwa katika wilaya ya Nyeri Oktoba 21, 1956, akahukumiwa katika mji huo huo mwezi uliofuata, na kunyongwa katika gereza la Kamiti Februari 18, 1957. Familia yake imelitafuta kaburi lake tangu uhuru. Huko Hola, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa Machi 3, 1959, na Serikali ikadai kwanza kwamba walikufa kwa kunywa maji. Tarehe hiyo ni ile ile aliyokufa Duke wa Aosta, miaka 17 kabla. Mnamo Juni 2013 Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa wahasiriwa 5,228 wa mateso ya wakati huo jumla ya pauni milioni 19.9. Aidha, iligharimia mnara wa ukumbusho uliozinduliwa Uhuru Park jijini Nairobi mwezi wa Septemba 2015.

Katika mji wa Nyeri kwenyewe kuna mnara wa kuwakumbuka Wakikuyu waliofia kupigania uhuru. Umesimama barabarani, magari na wachuuzi wakiuzunguka, na hauna majina. Yafaa kuuona siku ile ile unayoiona Mathari.

Haya yote hayapaswi kumfanya mtu awaonee kinyongo wale 676. Wengi wao walikuwa wakulima na mafundi wa Italia waliopelekwa vitani bila kuulizwa, na wakafia mbali na mama zao kwa malaria. Kasoro si kwamba wao wana makaburi.

Kwa anayetaka kuzuru, safari ya kutoka Nairobi hadi Nyeri ni kilomita 150 hivi kupitia Karatina, na yawezekana kwenda na kurudi siku moja, ingawa kulala Nyeri au Nanyuki ni bora. Mathari ni eneo la misheni ya Consolata, wamisionari walioingia nchini kutoka Turin mwaka wa 1902, na mtu yeyote mjini ataweza kukuelekeza ukitaja kanisa la Waitaliano au hospitali ya misheni. Ulizia kwanza kwa watu wa misheni ili ufunguliwe. Kila mwaka mwezi wa Novemba, wakati Waitaliano huwakumbuka mashujaa wao, hufanyika ibada ya kumbukumbu.

Kangubiri na Mweru ni shule zenye wanafunzi wa bweni. Haifai kuingia langoni na kamera mkononi; omba kibali cha mwalimu mkuu mapema, na ikiwezekana nenda wakati wa likizo. Ukibahatika kuandamana na mzee wa eneo hilo, mwache aongee kwa mwendo wake. Wengine hawapendi kuonyesha vyumba fulani, na si lazima waulizwe kwa nini.

Familia zenye jamaa aliyehudumu katika Keya na hakurudi zinaweza kutafuta jina lake bila malipo katika tovuti ya tume ya makaburi ya Jumuiya ya Madola. Tahajia za majina ya Kiafrika zilikosewa sana na makarani wa jeshi, kwa hivyo jaribu namna kadhaa: Mwangi huweza kuandikwa bila herufi moja, na jina la baba huweza kuwa ndilo la pekee lililoandikwa. Jina likipatikana, hutolewa pamoja na kikosi, tarehe ya kifo na mahali alipozikwa au mnara alipoorodheshwa. Wale waliozama baharini, kama wapiganaji wa mizinga wa Afrika Mashariki waliokuwa katika meli ya Khedive Ismail iliyozamishwa Februari 12, 1944 ikiwa njiani kuelekea Ceylon, wamo katika mnara ulio ndani ya makaburi ya Ngong Road, Nairobi, na si Nyeri.